Madirisha ya karo: historia ndefu ya mashini yangu ya giga 2



Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10. Ile siku ilipita kimya kwetu, watu walikuwa na mambo mengine ya kuwaza. Lakini hesabu kidogo mashini za wenzako wa promosyo: ngapi zinaweza kuipokea Windows 11? Inaomba ram ya giga 4, diski ya giga 64, na kachipu ka usalama kanakoitwa TPM 2.0. Yangu mimi, ile niliyoandikia TFC, iko na ram ya giga 2 na diski inayolia kama kinu. Kwa sheria ya Microsoft ile ni maiti tu. Na kununua ingine si jambo la kusema kwa mdomo: tangu Januari 2025 banki za Goma zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafunga, na faranga ya ordinateri mpya haianguki kutoka juu ya miti.

Hata hivyo, maneno haya ninayaandika juu ya ile ile mashini, na inafunguka haraka kuliko siku nilipoinunua. Sikuongeza kitu ndani yake. Nilipunguza. Kile nilichoweka pahali pa Windows kina historia ya zaidi ya miaka 40, na ile historia hakuna aliyetufundisha kwenye kozi ya informatiki, ile kozi tulikariri majina ya vipande vya ordinateri bila kugusa hata kimoja. Njo hiyo ninataka kusimulia leo.

Nianze na usiku mmoja Ngungu. Kwa wasiopajua, Ngungu iko kule juu, kusini ya Masisi, karibu na mpaka wa Kalehe, fasi ya baridi na malisho ya ng'ombe. Nyumbani umeme ni wa paneli ya jua na batri moja ya gari. Ukiwa na mashini, jioni yako inahesabiwa kwa dakika. TFC yangu ilikuwa juu ya maharagi yanayopanda juu ya miti, ploti 24, na kila ploti nilihesabu maua, maganda, na mimea iliyougua. Basi fikiria: jedwali la hesabu katika dirisha moja, maandishi katika lingine, kitabu cha PDF katika la tatu. Nikisoma namba katika jedwali, nikirudi kwa maandishi nimekwisha kuisahau. Narudi tena. Mashini inawaza dakika nzima. Batri inashuka. Kiisha Windows inasema iko na kitu cha kusasisha, inaanza kuzunguka, na jioni imekwisha hivyo.

Rafiki mmoja wa Goma, anayetengeneza mashini za watu, ndiye alinipa flashi yenye Linux na programu moja inaitwa i3. Alinisaidia kuiweka, nikapanda nayo Ngungu. Usiku wa kwanza niliiwasha mbele ya familia. Ekrani ikawa nyeusi, hakuna picha, hakuna meni, mstari mdogo tu chini wenye saa. Mama akapita nyuma yangu.

— Papa, hii ordinateri imekufa?

— Hapana Mama, iko muzima. Inangojea tu.

Kusema kweli, mimi mwenyewe sikuwa na hakika. Nikafinya vitufe viwili, dirisha likafunguka na kujaza ekrani nzima. Nikafinya tena: la pili likaja, na lile la kwanza likasogea lenyewe, kila moja likachukua nusu. La tatu, wakagawana tena. Hakuna lililomfunika mwenzake. Jedwali kushoto, maandishi kulia, na mkono wangu haujagusa ile panya hata mara moja.

Hii aina ya kupanga madirisha, wacha niiite madirisha ya karo, sawa vile karo za chini ya nyumba: hazilaliani, hakuna nafasi inayobaki bure, na ukiongeza moja zingine zinapunguka. Aina ile tuliyozoea wote ni madirisha ya kulaliana, moja juu ya lingine, unavuta, unapanua, unafunika, unatafuta. Wengi tunafikiri hii ya kulaliana njo asili ya ordinateri, na ile ya karo ni uchawi wa vijana wa intaneti. Kumbe zote mbili zilizaliwa katika nyumba moja.

Ile nyumba ni maabara ya Xerox huko California, inayoitwa PARC, iliyofunguliwa mwaka 1970. Miaka miwili mbele yake, Desemba 1968, Douglas Engelbart alikuwa amewaonyesha watu wa San Francisco panya ya kwanza hadharani, na ekrani iliyogawanyika katika sehemu. Watu wa PARC walichukua lile wazo mbali zaidi. Mwaka 1973 walikuwa na mashini yao, Alto, na juu yake Alan Kay na wenzake wakatengeneza Smalltalk, fasi madirisha yalikuwa kama makaratasi juu ya meza: moja linalala juu ya lingine, unavuta lile unalolitaka. Ndiyo maana mpaka leo Windows ya Kifaransa inaita ile sehemu ya kwanza «Bureau». Ni meza ya mtu wa ofisi. Si meza ya mkulima, wala ya mama muuza mboga, ambaye anapanga kila fungu kando ya lingine ili mteja aone yote. (Hili la mama wa soko nililiwaza mwenyewe nikiwa sokoni; sijui kama wale wa California waliwahi kulifikiria.)

Lakini Xerox walipotaka kuuza mashini ya kweli ya ofisi, ile Star ya mwaka 1981, wakageuka. Waliangalia watu waliokuwa wanatumia Alto na wakaona kwamba wanapoteza wakati mwingi kupangapanga madirisha. Basi katika Star, madirisha hayakulaliana. Mashini yenyewe iliyapanga. Kwa hiyo karo haikuja kama mtindo wa vijana. Ilikuja kama jibu la watu waliokaa na watumiaji na kuwatazama, sawa vile sisi tunavyofundishwa kumtazama mkulima katika shamba lake kabla ya kumletea mbegu yetu. Kilichoiua Star si karo. Ni bei: zaidi ya dola 16 000 kwa mashini moja, na ofisi ilihitaji kadhaa.

Kiisha ikaja Macintosh, Januari 1984, dola 2 495, na madirisha yake yanalaliana. Ilikuwa nzuri kwa macho na watu waliipenda. Microsoft wao, Novemba 1985, wakatoa Windows 1.0, na hapa wengi mtashangaa: ile Windows ya kwanza ilikuwa ya karo. Madirisha yake hayakuweza kulaliana, isipokuwa yale madogo ya kuuliza maswali. Kati ya walioiongoza kazi hiyo alikuwa Scott McGregor, na yeye alitoka wapi? PARC, fasi alifanya kazi juu ya madirisha ya mfumo unaoitwa Cedar, ambao nao ulikuwa wa karo. Mbegu ilitembea na mtu.

Haikuota. Windows 1.0 ilikuwa nzito kwa mashini za wakati ule, programu za kuitumia zilikuwa chache, na ekrani zilikuwa ndogo mno kwa kugawanya. Mwisho wa 1987 Windows 2.0 ikaruhusu kulaliana, na Machi 1988 Apple wakaishtaki Microsoft kwamba imeiga sura ya mashini yao. Kesi ilivutwa miaka na Apple ikashindwa, sehemu kubwa juu ya mkataba ambao wao wenyewe walitia sahihi na Microsoft mwaka 1985. Toka pale dunia nzima ikawa ya kulaliana. Sisi tulioanza na Windows XP katika sibea za Goma hatukujua kwamba kulikuwa na njia ingine iliyoachwa nyuma.

Njia yenyewe haikufa, na hapa njo historia inanipendeza zaidi, juu inafanana na ile ya mbegu za kienyeji: watu wachache wanazihifadhi juu ya kilima wakati soko lote linataka aina mpya. Ile Cedar ya PARC ilionwa na mgeni mmoja, Niklaus Wirth, profesa wa Zurich, Uswisi, aliyetunga lugha ya Pascal. Aliporudi kwao, yeye na Jürg Gutknecht walitengeneza mfumo mzima unaoitwa Oberon, wa karo, mdogo kiasi kwamba mwanafunzi mmoja angeweza kuusoma wote. Rob Pike wa Bell Labs akaiona Oberon, akatengeneza acme, programu ya kuandikia inayopanga madirisha yake kwa safu. Kutoka acme wazo likaingia katika wmii. Na yule aliyetunga i3, ile iliyo mbele yangu sasa, alikuwa mtumiaji wa wmii. Cedar, Oberon, acme, wmii, i3. Ukiwa mtu wa kilimo, huo ni ukoo wa mbegu kabisa, kizazi kwa kizazi, na kila mara mtu mmoja anaibeba katika mfuko wake kuvuka mpaka.

Wirth huyu, aliyefariki tarehe 1 Januari 2024, aliandika mwaka 1995 makala ya kulia juu ya programu zinazonenepa. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mashini zinaongezeka nguvu kila mwaka, lakini programu zinaongezeka uzito haraka zaidi, basi mtumiaji habaki na faida. Mwaka 1995! Wakati ule mashini nzuri ilikuwa na ram ya mega 8. Mimi niko na mara 250 ya hizo na ninaambiwa hazitoshi. Ningetamani kila mwalimu wa informatiki aanze kozi yake na hiyo makala, kabla ya vile vipande vya kukariri.

Lakini mbegu bila udongo haisaidii. Udongo ulitoka MIT, Marekani, mwaka 1984, fasi Bob Scheifler na wenzake walianzisha X, mfumo wa kuchora madirisha juu ya mashini za Unix. Waliamua jambo moja ambalo mpaka leo ninaliona kuwa la hekima: X inajua kuchora dirisha, basi. Haijui liwekwe wapi, liwe na ukubwa gani, liwe na mapambo gani. Hiyo kazi ni ya programu ingine, msimamizi wa madirisha, na kila mtu anaweza kuandika wa kwake au kuchagua wa jirani. Katika Windows na Mac hilo haliwezekani hivihivi: msimamizi anakuja na nyumba, humfukuzi. Katika X unamfukuza kwa dakika moja, unaweka mwingine, na programu zako zote zinaendelea kufanya kazi. Linux ilipozaliwa mwaka 1991 kwa mkono wa Linus Torvalds, ikaichukua X, na mlango ukawa wazi kwa kila mwanafunzi mwenye hasira.

Na hasira zilikuwepo. Kuelekea mwaka 2000, Mfini mmoja, Tuomo Valkonen, akatoa Ion. Karibu na wakati ule ule Shawn Betts akatoa ratpoison, na jina lake ni hilo hilo unalolifikiri: sumu ya panya. Nilicheka sana. Sisi kwetu sumu ya panya tunaitandika katika ghala la mahindi, wao wanaitandika juu ya meza ili waue ile panya ya mkononi. Lakini dawa ilifanya kazi: kila kitu kwa klavye, dirisha moja linajaza ekrani, na ukitaka kugawa unagawa mwenyewe.

Kiisha ikaja dwm, mwaka 2006, ya Mjerumani Anselm Garbe, huyohuyo aliyeanzisha wmii na kuona kwamba imeanza kunenepa. Akajifunga kwa sheria: programu nzima isipite mistari 2 000. Hakuna hata faili la kuipangia. Ukitaka kubadili rangi, unafungua mistari yenyewe ya lugha ya C, unabadilisha, unaijenga upya. Kwa akili ya uhandisi ninawavulia kofia. Kwa tabia, hapana. Ukurasa wao uliandika bila haya kwamba huo ugumu ni mzuri, juu unawazuia wanaoanza wasije na maswali yao ya kijinga. Ndugu zangu, tunajua hiyo sauti. Ni ile ya yule asistanti anayeficha silabusi ili aonekane mkubwa. Kitu kidogo na chepesi kinawafaa zaidi watu maskini wa mashini, na kumbe wenye nacho walijenga ukuta ili maskini asiingie.

Mwaka 2007 zikaja xmonad, iliyoandikwa kwa lugha ya Haskell na inayopendwa na wanahesabu, na awesome ya Julien Danjou, iliyokatwa kutoka shina la dwm. Hizo napita haraka, sikuzitumia. Mwaka 2009 Michael Stapelberg, Mjerumani pia, aliyechoshwa na wmii, akaanza i3. Tofauti yake kubwa kwangu si ya hesabu. Ni kwamba alikaa akaandika maelezo yanayosomeka, kwa Kiingereza chepesi, na akaweka mpangilio wote katika faili moja la maandishi ya kawaida. Mtu asiyejua programu, kama mimi niliyesomea maharagi, anaweza kulifungua, kusoma mstari, kuelewa, kubadilisha, kuona matokeo palepale. Nilijifunza hiyo i3 kwa jioni nne, na batri ya gari.

Sasa niwaambie tatizo ambalo hakuna video ya Wamarekani itakwambia. Klavye zetu ni AZERTY. Katika hizi programu, unakuwa na meza kadhaa, kutoka 1 mpaka 9 au 10, na unahama kutoka meza moja hadi nyingine kwa kufinya kitufe cha Alt au kile cha Windows pamoja na namba. Juu ya QWERTY ni rahisi. Juu ya AZERTY, ile safu ya juu ukiifinya bila Shift haitoi namba, inatoa &, é, alama za kunukuu, mabano. Basi unafinya Alt na 1, hakuna kinachotokea, unafikiri programu ni mbovu. i3 imefikiria hilo: mara ya kwanza inakuandikia faili lake kwa kufuata klavye uliyochagua. Lakini ukichukua faili la mtu mwingine kwenye intaneti, au ukitumia dwm, lazima ubadilishe mwenyewe: pa 1 uandike ampersand, pa 2 eacute, pa 3 quotedbl, pa 4 apostrophe, pa 5 parenleft, kiisha minus, egrave, underscore, ccedilla, na agrave kwa 0. Nilipoteza jioni mbili nzima kabla ya kuelewa. Mwenye kusoma hapa asipoteze hata moja.

Kuna upande mwingine wa hii dunia ambao wengi wenu mmeuona katika picha: ekrani zenye rangi zinazopatana, maandishi ya kung'aa, picha ya mlima wenye theluji nyuma, madirisha yenye nafasi katikati kama mipaka ya bustani. Wanaopamba hivyo wana neno lao, na hilo neno ni mchele. Si mchele wetu wa kula. Lilitoka kwa watu wa magari, waliocheka magari ya Kijapani yaliyopambwa sana bila kuongezwa nguvu. Kicheko kikageuka sifa. Mimi siwachukii. Nilitumia Jumapili moja kuchagua rangi ya kijani ya mstari wangu, na bado ninaipenda. Lakini angalia wale wanaopamba: wengi wao wana giga 16, giga 32, na wanaonyesha kwa majivuno kwamba programu yao ya madirisha inakula mega chache tu. Wao uchache ni nguo ya kuvaa Jumapili. Sisi ni nguo tuliyo nayo.

Na tusidanganyane. Msimamizi wa madirisha mwepesi anapunguza uzito wa nyumba, si uzito wa wageni. Ukifungua Firefox na kurasa tano za mitandao, zile giga 2 zinajaa, uwe na i3 au usiwe nayo. QGIS, kwa ramani zetu za mashamba, inafunguka lakini unaisikia inalia. Ekrani yangu ni ya nukta 1366 kwa 768: madirisha mawili kando kwa kando ni sawa, matatu ni magomvi. Kwa hiyo nilibadilisha na tabia: ninaandika katika programu nyepesi ya maandishi matupu, hesabu za ploti ninazipitisha katika R bila picha nyingi, PDF ninaisoma kwa zathura, ambayo haina hata kitufe kimoja cha kufinya kwa panya. Intaneti ninaifungua nikiwa na kazi nayo, kiisha naifunga. Batri inanipa karibu saa moja zaidi kuliko zamani. Saa moja Ngungu usiku ni sura nzima ya TFC.

Njo hapa ninafika kwa jambo linaloniuma. Kutoka Ngungu, Rubaya si mbali. Ile koltani inayochimbwa kule kwa nyundo na kwa mgongo, inasafishwa mbali na sisi na kuwa tantali, na tantali inaingia katika vipande vidogo vinavyotunza umeme ndani ya simu na ordinateri. Wataalamu wanakadiria kwamba kiasi cha asilimia 15 ya koltani ya dunia inatoka Rubaya peke yake. Wakubwa wetu wanakumbuka mwaka 2000, wakati bei ilipanda ghafla na vijana wakaacha mashamba na shule kwenda kuchimba, kiisha ikaanguka tena. Basi hesabu inakuwa hivi: kilima kinatoa madini, madini yanazunguka dunia, yanarudi Goma ndani ya mashini iliyotumiwa na mtu wa Ulaya miaka minane, na baada ya sisi kuinunua tunaambiwa programu mpya haiitaki tena. Kila mashini inayotupwa kabla ya wakati wake ni kilima kingine kinachochimbwa. Sisemi kwamba i3 itamaliza vita vya Masisi. Ninasema tu kwamba yule anayenenepesha programu bila sababu anamtuma mtu ndani ya shimo, na yule mtu ninaweza kuwa namjua.

Kuhusu lugha, niongeze kidogo. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kuandikia kwa Kiswahili. Mwaka ule ule Ubuntu ikazaliwa kwa faranga ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na mpaka 2011 walikuwa wanatuma sidii za bure kwa posta kwa mtu yeyote duniani aliyeomba. Yaani Waafrika hawakuwa watazamaji tu katika hii historia. Lakini maelezo ya i3 kwa Kiswahili sijayaona. Ninayo daftari moja ya maelezo niliyoyaandika kwa ajili ya mdogo wangu, Kiswahili chetu cha hapa, kurasa 11.

Na ile njia iliyoachwa mwaka 1987? Mwaka 2009 Windows 7 ilianza kukuruhusu kusukuma dirisha pembeni likachukua nusu ya ekrani. Windows 11, mwaka 2021, ikaleta mipangilio tayari ya kugawa ekrani katika vipande. Apple, waliokwenda mahakamani kwa sababu ya kulaliana, wakaweka karo katika macOS mwezi wa tisa 2024, na watu wakashangilia kama kitu kipya. Upande wa Linux, X yenyewe inazeeka na nafasi yake inachukuliwa na Wayland. Huko i3 ina ndugu yake, Sway, ambaye toleo lake 1.0 lilitoka Machi 2019 na anasoma lile lile faili la i3. Kwa mashini yangu bado ninabaki na X, inatosha.

Faili langu lina mistari 140, limekwisha kurekebishwa kwa AZERTY, pamoja na zile kurasa 11. Mwenye mashini ya giga 2, au hata giga 1, anayetaka kujaribu, aniandikie hapa ndani kwa ujumbe, au aje na flashi siku ya mkutano wetu. Kwanza uhifadhi kazi zako zote fasi ingine, tafadhali, juu sitaki mama wa mtu aniulize TFC ya mtoto wake ilikwenda wapi. Na ukiiwasha ukaona weusi tu, usiogope: finya Alt na Enter.